TAIRI LINALOSUGUA MADIGADI
Tafuta Sababu Kabla ya Kukata Chuma

Wakulima wengi siku hizi wana pikapu au motokaa ndogo za kupelekea mazao sokoni. Motokaa hizi hufanya kazi ngumu. Asubuhi hupita katika matope ya shambani, mchana huwa juu ya lami na mzigo mzito, na jioni hurudi zikiwa tupu kwa njia ile ile yenye mashimo. Si ajabu basi kwamba siku moja mwenye motokaa husikia tairi likisugua madigadi, yaani lile bati linalofunika gurudumu, na harufu ya mpira unaoungua humfikia puani.

Wengi wakisikia hivyo hufanya moja ya mambo mawili. Wengine huizoea sauti hiyo na kuendelea na safari. Wengine huchukua nyundo au msumeno, wakaipiga au kuikata madigadi mpaka sauti iishe. Njia zote mbili ni mbaya. Wa kwanza anaharibu tairi. Wa pili anaondoa dalili na kuuacha ugonjwa ndani. Somo letu la mwezi huu litakuonyesha jinsi ya kuijua sababu wewe mwenyewe, kwa chaki, futi ya kupimia na macho yako, kabla hujatoa hata shilingi moja kwa fundi.

HATARI YAKE NI NINI?

Motokaa iliyo nzima haigusi tairi mahali popote isipokuwa barabarani. Watengenezaji huacha nafasi kati ya tairi na madigadi, ili gurudumu lipate kupanda na kushuka juu ya mashimo, na lile la mbele lipate kugeuka kulia na kushoto. Tairi likianza kugusa, maana yake ni kwamba nafasi hiyo imepotea. Kazi yako ni kuuliza: Imepotea wapi, na nani aliyeichukua?

Ubavu wa tairi ni mwembamba kuliko sehemu ile inayokanyaga chini. Ukingo wa madigadi ukiukwaruza ubavu huo, hukata mpira kidogo kidogo mpaka kufikia nyuzi za ndani. Nyuzi hizo ndizo zinazoshika upepo na kubeba uzito. Zikikatika, tairi hupasuka, na mara nyingi hupasuka wakati mbaya kabisa: motokaa ina mzigo, iko mbio, na barabara inateremka.

Tuseme umepakia viazi huko Njabini, nawe unashuka kutoka Flyover kuelekea Limuru. Umesikia mkwaruzo tangu asubuhi. Tairi la nyuma likipasuka hapo, si viazi peke yake vitakavyomwagika. Ndani ya pikapu umo wewe, pengine na jirani yako, na barabarani wamo watoto wanaotoka shule. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka motokaa na sehemu zake zote, matairi yakiwamo, zitunzwe katika hali ambayo haitaleta hatari kwa watu barabarani. Kwa hiyo jambo hili si la mfuko wako tu.

UKISIKIA MKWARUZO, SIMAMA

Jambo la kwanza ni kusimama mahali palipo salama, penye ardhi ya sawa. Vuta breki ya mkono, uweke jiwe kubwa mbele na nyuma ya gurudumu moja. Kisha tazama tairi lote kwa kulizungukia, usisahau ubavu wa ndani. Ukiona mpira umekwaruzwa juu juu tu, waweza kwenda polepole mpaka nyumbani au gereji iliyo karibu. Ukiona nyuzi au waya, au mahali palipovimba kama jipu, tairi hilo limekwisha. Lifungue uweke la akiba. Usilitie upepo zaidi, wala usidanganyike kwamba litafika.

Ikiwa una mzigo, punguza. Gunia tano zikibaki kwa rafiki njiani, kesho utazikuta.

OSHA KWANZA, HUKUMU BAADAYE

Ukifika nyumbani, osha motokaa chini ya madigadi zote nne. Usicheke. Katika mashamba yenye udongo mweusi wa kunata, matope hujaa ndani ya madigadi, hukauka, na kuwa magumu kama tofali. Tairi husugua tofali hilo, na mwenye motokaa hudhani springi zimevunjika. Toa matope yote kwa kijiti na maji.

Baada ya kuosha, tazama kile kifuniko cha plastiki kilicho ndani ya madigadi za mbele. Kimeshikwa na vibanio vidogo. Vibanio vikipotea, plastiki huning'inia na kugusa tairi, hasa motokaa inapokwenda mbio na upepo unapokisukuma. Dawa yake ni vibanio vipya, na wewe mwenyewe waweza kuvitia. Wako watu waliobadilisha springi kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa vibanio vitatu.

MASWALI MATATU

Ikiwa umeosha na plastiki imeshikwa vizuri, lakini mkwaruzo bado upo, jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Inasugua wakati gani?

Ikiwa inasugua unapozungusha usukani mpaka mwisho tu, shaka yako iwe juu ya ukubwa wa tairi la mbele, rimu, au ile bolti inayozuia gurudumu lisigeuke kupita kiasi. Ikiwa inasugua ukiwa na mzigo au ukipita shimoni, shuku springi, au mzigo wenyewe. Ikiwa inasugua unapokanyaga breki, shuku bushi za mikono inayoshika gurudumu. Hizo ni mipira midogo ambayo ikichakaa huacha gurudumu lirudi nyuma wakati wa kufunga breki. Ikiwa inasugua kila wakati, hata motokaa ikiwa tupu na barabara ikiwa sawa, basi kuna kitu kilichohama au kupinda.

Swali la pili: Ni upande mmoja au pande zote mbili?

Pande zote mbili zikisugua sawasawa, tazama kile kilicho sawa pande zote: ukubwa wa matairi, aina ya rimu, au mzigo uliozidi. Upande mmoja peke yake ukisugua, tazama kilichovunjika au kupinda upande huo.

Swali la tatu: Alama iko wapi juu ya tairi?

Alama ikiwa katika meno ya tairi, tairi linagusa juu, mbele au nyuma ya madigadi. Ikiwa katika ubavu wa nje, linagusa ukingo wa bati. Ikiwa katika ubavu wa ndani, linagusa springi, mkono wa usukani au chuma kingine kilicho ndani, na hapo madigadi haina kosa lolote.

Ikiwa huoni alama vizuri, tumia chaki. Paka chaki nyeupe ndani ya madigadi na kwenye ukingo wake, kisha endesha polepole: kwanza moja kwa moja, halafu ukigeuka, halafu ukipita juu ya tuta. Simama kila mara utazame. Pale chaki ilipofutika ndipo panapogusana.

PIMA, USIKISIE

Sasa chukua futi ya kupimia. Weka motokaa tupu mahali pa sawa kabisa, matairi yote yakiwa na upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi. Andika. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne, kisha linganisha kulia na kushoto. Hesabu hizi zapaswa kukaribiana sana. Ikiwa kulia ni milimita 410 na kushoto ni milimita 385, upande wa kushoto umelala, na yamkini springi yake imechoka au imevunjika.

Kisha nyosha magurudumu ya mbele, upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, halafu upande wa kushoto. Hesabu mbili hizi nazo zapaswa kulingana. Zikitofautiana sana, gurudumu moja limehama. Pikapu ya namna hii huonekana kwa mtu aliye nyuma kana kwamba inatembea kiubavu, kama mbwa anavyokimbia.

SOMA NAMBA ZA TAIRI

Watu wengi hununua tairi kwa kuliangalia kwa macho, au kwa sababu ni la rahisi. Lakini kila tairi limeandikwa ukubwa wake ubavuni. Tuchukue tairi lililoandikwa 195/70R14. Namba 195 ni upana wake kwa milimita. Namba 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani karibu milimita 136. Namba 14 ni kipenyo cha rimu, kwa inchi. Ukijumlisha, kimo cha tairi lote ni karibu milimita 629.

Sasa tuseme muuzaji amekwambia, "Chukua hili la 205/75R14, ni lile lile tu." Lakini hesabu yake ni karibu milimita 663. Tairi hilo limezidi kimo kwa milimita 34, na hivyo linakaribia madigadi kwa milimita 17 kila upande. Nafasi uliyopewa na watengenezaji umeila kwa mkono wako mwenyewe. Tena kibao cha mwendo kitakudanganya: kikionyesha kilomita 80 kwa saa, wewe unakwenda karibu 84.

Rimu nayo ina namba yake. Rimu nyingi zimepigwa chapa ya herufi ET na namba mbele yake. Namba hiyo huonyesha jinsi gurudumu linavyokaa ndani au nje. Ukitoa rimu ya ET45 ukatia ya ET25 yenye upana ule ule, gurudumu linatoka nje kwa milimita 20, na huenda likagusa ukingo wa madigadi kila motokaa inapolala kwa mzigo. Rimu nzuri za kung'aa zimewaingiza watu wengi katika shida hii.

Kadhalika tazama namba ya uzito iliyo baada ya ukubwa wa tairi. Namba 88 maana yake tairi laweza kubeba kilo 560, na namba 100 maana yake kilo 800. Matairi mawili ya nyuma yenye namba 88 yatabeba kilo 1,120 tu, na ndani ya hizo umo uzito wa motokaa yenyewe. Usinunue tairi lenye namba ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwa motokaa yako.

SABABU NA DAWA YAKE

Springi iliyochoka. Dawa yake ni kubadilisha springi zote mbili za ekseli hiyo, ya kulia na ya kushoto, hata kama ni moja tu iliyovunjika. Ukiweka moja mpya na moja kuukuu, motokaa itainama. Usidanganywe ubadilishe shokomzoba ili kuinua motokaa iliyolala. Shokomzoba ni ile bomba yenye mafuta ndani inayoituliza motokaa isirukeruke; kazi ya kubeba uzito ni ya springi. Hata hivyo, shokomzoba iliyokwisha huacha gurudumu liruke mpaka likagonga madigadi. Kuijaribu ni rahisi: bonyeza kona ya motokaa kwa nguvu, kisha iachie. Ikipanda na kushuka mara nyingi, shokomzoba imekwisha.

Bolti ya katikati iliyokatika. Katika pikapu nyingi springi za nyuma ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mabamba hayo hushikwa na bolti moja inayopita katikati, na ekseli hufungwa juu yake kwa yubolti. Yubolti zikilegea, bolti ile hukatika, na ekseli huteleza mbele au nyuma upande mmoja. Hapo tairi husugua ukingo wa mbele au wa nyuma wa madigadi, na vipimo vya kulia na kushoto havilingani. Usiendeshe motokaa ya namna hii. Dawa yake ni bolti mpya na yubolti mpya, zilizokazwa sawasawa na kukazwa tena baada ya siku chache za kazi.

Bushi au beringi iliyochakaa. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, kuna beringi au kiungo kilichokwisha. Lakini sikiliza onyo hili: usiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au gogo imara la mti. Matofali na mawe ya mchanga hupasuka ghafla.

Madigadi iliyopinda. Ikiwa motokaa iligongwa, hata kidogo, bati laweza kuingia ndani. Hapa ndipo nyundo ina haki yake. Bati linyoshwe polepole, kisha lipakwe rangi siku hiyo hiyo ili kutu isiingie.

Tairi au rimu isiyofaa. Dawa ni moja tu: kurudi kwenye ukubwa ulioandikwa mlangoni.

Mzigo uliozidi. Dawa ya huu iko kwako, wala si gereji. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Gunia 20 za namna hiyo ni tani moja. Lakini gunia 20 za lumbesi zaweza kupita tani mbili, na springi hazijui kuhesabu magunia, zinajua uzito. Tena panga mzigo vizuri. Magunia mazito yakae mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kibanda cha dereva. Mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli, sehemu ya mbele ya motokaa huinuka, na ekseli ya nyuma hubeba zaidi ya uzito wa mzigo wenyewe.

DAWA ZA UONGO

Ziko dawa nne ambazo tunakuonya nazo.

Ya kwanza ni kukata madigadi. Katika motokaa nyingi ukingo wa madigadi ya nyuma ni mahali ambapo mabati mawili yameunganishwa. Ukiukata, unafungua mlango wa maji na kutu, na ncha iliyobaki ni kali kama kisu kwa tairi lako.

Ya pili ni kujaza upepo kupita kiasi. Tairi lililojaa mno hukanyaga kwa katikati tu, huchakaa upesi, na motokaa huruka mashimoni.

Ya tatu ni kutia vipande vya mbao au vyuma vya ovyo katika springi ili kuinua motokaa. Hivyo huchomoka njiani.

Ya nne ni kuongeza mabamba ya springi bila kipimo. Springi ngumu haiongezi nguvu za breki, wala za ekseli, wala za matairi. Inakuficha tu usione kwamba umezidisha mzigo, maana motokaa hailali tena.

UNAPOKWENDA KWA FUNDI

Usimwambie fundi, "Tairi linasugua, tengeneza." Mwambie hivi: "Tairi la nyuma kushoto linagusa ukingo wa mbele wa madigadi, kila wakati, hata motokaa ikiwa tupu. Kutoka gurudumu hadi gurudumu kushoto ni pafupi kuliko kulia." Fundi mwema atafurahi, kwa sababu umempunguzia kazi. Na fundi mwenye tamaa atajua kwamba hawezi kukuuzia shokomzoba nne.

Kazi ikiisha, mwombe akuonyeshe kilichotolewa. Pima tena vipimo vile vile. Paka chaki tena, uende na mzigo mdogo, kisha mzigo wa kawaida. Ikiwa usukani, mikono ya gurudumu au springi zimefunguliwa, magurudumu ya mbele yapimwe kama yanatazama sawasawa. Nati za magurudumu zikazwe kwa kuvuka kutoka moja hadi ile inayoikabili, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ndugu mkulima, ng'ombe akichechemea humpigi fimbo, bali humwinua mguu ukatazama kwato. Fanyia motokaa yako vivyo hivyo. Mkwaruzo ni kuchechemea kwake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Pikapu inasugua ikiwa na mzigo tu, pande zote mbili za nyuma. Utatazama nini kwanza?
2. Alama ya kusuguliwa iko katika ubavu wa ndani wa tairi. Je, kuikata madigadi kutasaidia? Kwa nini?
3. Matairi mawili ya nyuma yana namba ya uzito 100. Yote mawili yanaweza kubeba kilo ngapi?
4. Kwa nini springi hubadilishwa mbili mbili?

Majibu yote yamo katika somo hili. Lisome tena pamoja na kijana wako anayeendesha motokaa, kisha nendeni nje pamoja mkapime.